Kipini cha Bi Mwanapili

"Sukuma kidogo, lakini usilazimishe," alisema Bi Mwanapili, kichwa kakilaza mapajani kwa bintiye.

Rahma alisukuma. Kipini kilikuwa kimechemshwa, mikono imeoshwa kwa sabuni, pua imepanguswa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, yote kama mama alivyofundisha. Kikaingia unene wa ukucha, kikagota.

"Hakiingii, mama. Ndani kumeziba."

Bi Mwanapili alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Nusu ya wanawake wa Mtambile wametogwa na mkono wake, masikio na pua, na hajasikia hata mmoja katunga usaha. Wote aliwaonya kwamba tundu la pua si kama la sikio. Ukivua kipini, tia kingine papo hapo. Lakini mumewe Soud alipofariki ilibidi akivue, maana mjane wa eda hajipambi. Aliomba atie angalau kijiti cha ufagio. Wifi yake, Bi Mardhiya, akakataa.

"Kijiti nacho pambo, wifi. Watu wasemeje?"

Hakubishana. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani akiligusa tundu kwa ncha ya kidole, na kila wiki likizidi kusinyaa. Fundi mzima, na hana la kufanya.

"Ichemshe sindano," alisema sasa. "N'takuonesha pa kupita."

"Miye siwezi, mama."

"Waogopa nini weye? Pua yangu mwenyewe."

"Naogopa kukuumiza."

Basi akasimama mbele ya kioo na sindano yake. Mkono uliotoga vichanga ukakosa pa kuanzia. Na kusema kweli, hakuwahi kujitia kipini hata siku moja. Miaka thelathini na minne Soud ndiye aliyemvua na kumtia kila Idi, ulimi kautoa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alitaka kutoka eda na kitu hicho kimoja tu cha Soud mwilini mwake. Alichoma, damu ikachuruzika, ncha isitokee upande wa pili. Akaiweka sindano chini akalia kwa sauti, wala hakujali kwamba Rahma anamwona.

"Hodi, wenyewe."

Wanawake waliokuja kumtoa eda waliingia na udi, kanga mpya na bakuli la hina. Wakamwogesha, wakamvisha, wakamkalisha mkekani. Bi Mardhiya mwenyewe ndiye aliyemshika mikono akaipaka hina mpaka kwenye vifundo.

"Tulia, wifi, isichafuke. Na kipini chako ki wapi? Eda yako si imekwisha?"

"Kipo," alijibu Bi Mwanapili.

Walicheka, wakafukiza, wakaulizana habari za harusi ya huko Chokocho. Yeye alikaa na viganja viwili wazi mapajani, hina haijakauka. Ndani ya pua alihisi damu ya moto ikiteremka taratibu kuelekea mdomoni, akamtafuta Rahma kwa macho. Rahma alikuwa amewapa mgongo, anapanga vikombe.