Kaya ya Duka la Dawa

Tangu mumewe Toivo azikwe, Verna Rautio hakuwa na wa kumwambia kwamba theluji imeanza. Mji wa Escanaba aliujua nyumba kwa nyumba. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule, na nusu ya watu wazima wa pale walikua kwa supu yake. Lakini kujulikana si kutembelewa. Siku ya kuchukua vidonge vya shinikizo la damu ndiyo ilikuwa siku yake ya kuvaa vizuri.

Siku moja ya Novemba alikuta foleni imekwama. Mbele kabisa mzee mmoja mrefu, mwenye koti kuukuu la wafanyakazi wa reli, alikuwa akigeuzageuza dawa ya pumu ya kuvuta kama mnunuzi anayemtilia shaka samaki.

"Dola sitini na nane?" aliuliza. "Binti yangu, nataka kupumua, sitaki kununua duka."

Kirsten, msichana wa kaunta, alicheka kwa huruma. "Ungekuwa kwenye klabu yetu ya wateja, Bwana Brisbois, ungelipa nusu. Ila ukijiunga leo, punguzo linaanza mwezi ujao."

"Mwezi ujao huenda nikawa siihitaji tena," mzee alijibu, kikohozi kikamshika.

Verna alijikuta ameshasogea. Kadi yake ya klabu ilikuwa ya kaya nzima, na nafasi ya Toivo ilikuwa tupu.

"Mwandike kwenye kadi yangu," alisema.

"Kadi ya kaya ni ya watu wa nyumba moja, Mama Verna. Huyu ni wa kwako?"

"Ni wangu," Verna alisema bila kupepesa macho.

Kirsten naye alikuwa amekunywa supu ile utotoni. Aliandika jina, Leland Brisbois, akamwonyesha mzee namba ya simu ya Verna ya kubonyeza pale kaunta kila anaponunua, wala hakuuliza tena.

Mzee alimfuata mpaka nje. "Dada, hata hatujajuana, na tayari tumeshaoana!"

"Usijipe cheo. Nimekupa punguzo, sijakupa ufunguo."

Leland alicheka mpaka ikabidi aivute ile dawa palepale. Akamwambia anaishi Mtaa wa Ludington, juu ya fundi viatu, wakaagana.

Tangu hapo, kila Leland aliponunua dawa, simu ya Verna ililia: kaya yako imepata pointi. "Haya, bado anapumua," Verna alisema kwa sauti, peke yake jikoni, na siku hiyo chakula kilipita vizuri kooni. Mara mbili walikutana kaunta wakataniana kidogo. Mara moja alioka pasti mbili, mikate iliyojazwa nyama na viazi, akaenda kumngojea kwenye benchi la dukani. Leland hakutokea. Verna alizila zote mbili ndani ya gari, zimeshapoa, akifuta kioo kilichojaa mvuke wa pumzi yake.

Machi, simu ikalia kwa ujumbe mwingine: mwanakaya mmoja ameondolewa.

Alifika dukani hata vifungo vya koti hajavifunga.

"Siruhusiwi kusema, mama," Kirsten alisema. "Mambo ya mgonjwa ni siri yake."

"Niambie tu kama yu hai."

Kirsten alitazama kushoto na kulia. "Nenda Ludington leo. Usingoje kesho."

Verna aliendesha gari akimwomba Mungu vipande vipande, maana sala nzima haikumjia. Mbele ya fundi viatu palikuwa na lori, na mwanamke wa makamo akishusha maboksi ngazini. Juu, Leland alikuwa ameketi kwenye kiti pekee kilichobaki, amevaa koti.

"Mke wangu wa duka la dawa!" alisema, kisha akaona haya. "Huyu ni binti yangu Noreen. Ananipeleka kwake Tucson. Eti hewa ya kule ni kavu, kifua kitanipenda."

"Kumbe ni wewe wa ile kadi," Noreen alisema, bila ubaya. "Nilimwambia baba hiyo si haki, nikamtoa. Nimeshamwandikisha kwenye yangu."

"Nilitaka kukupigia," Leland alisema. "Lakini namba yako vidole vyangu vinaijua pale kaunta tu. Nikitoka nje, vinasahau."

Verna alitaka kumweleza habari ya simu kulia jikoni. Badala yake akatazama boksi lililokuwa sakafuni.

"Nani kafunga vikombe hivi? Havitafika hata njia panda."

Akapiga magoti, akavizungushia magazeti kimoja kimoja, kama alivyofanya kila likizo shuleni. Leland alimpasia karatasi. Mara moja mikono yao iligusana juu ya birika, na wote wawili wakasingizia ubovu wa karatasi.

Mwishowe Leland alipandishwa lorini, akapunga mkono kupitia kioo.

"Asante sana, Mama Vera," Noreen alisema, akimkumbatia haraka.

Verna hakumsahihisha. Alisimama kandokando ya barabara mpaka lori lilipokata kona. Alipogeuka, alikuta gari lake bado linaunguruma, mlango wazi vilevile alivyouacha, na theluji imeshaingia hadi kwenye kiti.