Siku Anaeli Alipokuja Ndivani

Suruali nyeupe za mume wangu zilikuwa na doa jekundu mahali pamoja tu, kwenye paja la kulia, na doa hilo nililifua kwa miaka kumi na mmoja. Mpira wa kriketi ni wa ngozi nyekundu, na anayeurusha huusugua pajani kwanza ili ung'ae. Hayo aliniambia yeye. Mimi nilichokijua ni sabuni, maji ya kubeba kichwani, na majirani walioniuliza kila Jumatatu mume wangu anachinja nini huko chini.

"Hachinji," niliwajibu. "Anacheza."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anacheza!

Anaeli Mgonja alishuka mlimani mwaka 1956 kwenda kuanika katani kwenye shamba la mkonge, huko tambarare chini ya Same. Meneja wa shamba alikuwa Mwingereza, na Mwingereza yule alikuwa na kiwanja chake. Jumamosi moja mpira uliruka ukaangukia kwenye nyaya za kuanikia. Anaeli akauokota, akaurudisha kutoka kule kule alikosimama, ukaenda kuviangusha vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji husimama kuvilinda. Meneja akauliza ni nani huyo. Tangu siku hiyo mume wangu hakuanika tena katani. Kwenye daftari la shamba aliandikwa karani wa mizani, lakini mizani yenyewe hakuigusa. Kazi aliyolipwa kuifanya ilikuwa kurusha mpira asubuhi, kuupiga jioni, na mwisho wa wiki kupakiwa kwenye lori kwenda kuwashinda watu wa Moshi na Tanga. Jumapili usiku lori likirudi, Jumatatu alipanda mlima kuja kutuona.

Wengi katika mchezo ule hujua jambo moja, ama kurusha ama kupiga. Yeye aliyajua yote mawili, na meneja alipenda kuwaambia wageni wake kwamba amejipatia watu wawili kwa posho ya mmoja.

Nilimwona kwa macho yangu mara moja, mwaka 1959. Nilishuka na binti yetu Esta mgongoni, nikasimama nyuma ya miti pamoja na wake za wakata mkonge, wanawake kutoka Songea na Kigoma waliokuwa wakimjua mume wangu kuliko mimi. Alikuwa akija kwa hatua tano fupi, anauachia mpira kama mtu anayefungua kitasa cha mlango, na mpira ukigusa chini unageukia asikoutarajia mpigaji. Aliwatoa mchezoni wapigaji saba peke yake. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha ikafika saa ya chai. Wachezaji wote wakaingia kwenye hema lenye meza na vitambaa, na Anaeli akazunguka nyuma ya lori, akakaa kwenye tairi la akiba na kikombe chake cha bati. Hakuna aliyemfukuza hemani, na yeye hakuhitaji kuambiwa.

Nilimfuata pale. Akaniambia, kwa furaha ambayo mpaka leo inaniuma, kwamba meneja amemsifu. Amemwambia hivi: "Ungekuwa hata Mhindi, Anaeli, ningepeleka jina lako Dar es Salaam, uchezee nchi."

"Na hiyo ndiyo sifa?" nikamuuliza.

"Mama Esta, Uhuru unakuja. Ukija wataniita."

Basi tukawa tunausubiri Uhuru kila mtu kwa sababu zake. Wengine walisubiri mashamba, wengine shule. Mimi na mume wangu tulisubiri barua.

Wakati huo huo, huko juu, mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa nyumba. Sisi Wapare maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe waliloliacha babu zetu. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Lakini ndiva hujaa tope, na kuta zake hubomoka, na hapo ndipo pembe hupigwa kuita msaragambo. Kila nyumba itoe mtu wa kufanya kazi. Asiyetokea, zamu yake ya maji inampita, na migomba yake inakauka.

Nyumba yetu ilinitoa mimi. Wanaume walisimama mstari wa mawe, wanawake mstari wa tope, na mimi nikawekwa kwenye mstari wa mawe kwa sababu nilikuwa nimesimama kwa jina la mwanamume. Nilibeba mawe nikiwa na mimba iliyoharibika baadaye. Sisemi iliharibika kwa sababu ya mawe. Nasema tu nilikuwa nayo. Wanaume walinitania, wakaniita Bwana Mgonja, nami nikacheka nao, maana ningefanya nini? Jioni nilipokuwa nikijikanda mgongo nilimchukia Anaeli kabisa. Jumatatu alipotokea njiani na mfuko wake wa nguo chafu, moyo ukaruka.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa akiviogopea vidole vyake. Kile cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia, hivyo ndivyo vilivyouzungusha mpira. Hakushika jembe, hakupasua kuni, hata mlango wa zizi alifunga kwa kushoto. "Hivi ndivyo shamba langu," aliniambia akivitazama.

Uhuru ukaja. Bendera ikapanda, tukaimba, tukachinja. Barua haikuja. Meneja akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka. Mwaka 1967 serikali ikalichukua shamba, na Anaeli akapelekwa kwenye mizani kweli, akajifunza kazi aliyoandikiwa muda wote ule. Mwisho wa wiki aliendelea kucheza na wafanyabiashara wa Kihindi wa Same, na siku hizo alikunywa chai mezani pamoja nao. Alikuwa anakwenda thelathini na mbili. Nilidhani tumaini limeshakufa, na nakiri nilianza kupumua.

Ndipo Bwana Jivani, mwenye duka la vitambaa pale Same aliyekuwa nahodha wao, alipotuma mtu mlimani na barua. Chama cha mchezo kilikuwa kinachagua timu ya taifa ya kwenda Kampala. Anaeli Mgonja, mrushaji na mpigaji, alitakiwa Dar es Salaam Jumatano ijayo. Aje na viatu vyake, na aje na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa TANU wa kijijini kwake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu Anaeli alikuwa bado mizani. Mwenyekiti wetu, Mzee Tumainieli, alikuwa mtu wa haki. Nalisema hilo mapema, maana ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Akaisoma barua polepole, akaikunja. "Wanataka niandike kwamba namfahamu."

"Unamfahamu, mzee. Umemwona akizaliwa."

"Nilimfahamu baba yake. Yeye nimemwona akipita na mfuko. Pembe imelia miaka kumi na mmoja, Eliakunda, na kila inapolia unakuja wewe. Leo nchi nzima tunaambiana kila mtu ale jasho lake. Nimwandikeje mtu ambaye sijaona jasho lake?"

Nilitaka kumwambia jasho lake nalifua mimi kila wiki.

"Simkatalii," akasema. "Jumamosi tunazibua ndiva. Aje mwenyewe, mbele za watu, asikutume wewe. Akitoka hapo anaondoka na barua."

Nilimtumia Anaeli habari apande mapema, na alipofika Ijumaa nikamweleza. Akavitazama vidole. Akasema atakwenda kumwomba Bwana Jivani atafute njia nyingine, labda ofisini Same wataandika. Nami, badala ya kukubali, nikafura. Miaka kumi na mmoja yote ikanipanda kooni mara moja.

"Siku moja tu, Baba Esta. Mimi nimetoa zote. Siku moja inakushinda?"

Hakubishana. Asubuhi pembe ilipolia alikwishavaa.

Ningependa kusema watu walimsimanga, lakini walimpokea vizuri. Walimweka kwenye mstari wa mawe, juu ya ukuta, na mdogo wake Lukasi akawa chini ndani ya ndiva. Lukasi anang'oa jiwe kwenye tope, analirusha juu, Anaeli analipokea na kumpa mjenzi. Mawe ya kadiri ya ngumi mbili. Mwanzoni alikuwa akiyapokea kwa mikono miwili, kwa woga, akiyakumbatia kifuani. Kisha mwili wake ukakumbuka kazi yake. Akaanza kudaka kwa mkono mmoja, wa kushoto. Akadaka bila kutazama. Lukasi akacheka, akaharakisha, na Anaeli akawa anayapokea yote, jiwe halitoi hata sauti likigusa kiganja chake. Watu wakaacha majembe. Mtu akapiga mluzi. Kina mama kwenye mstari wa tope wakaanza kuhesabu kwa sauti, na Mzee Tumainieli mwenyewe akaweka mikono kiunoni akitabasamu.

Mnaelewa nilivyojisikia? Wale wale walioniuliza mume wangu anachinja nini. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanaona nilichokiona mimi mwaka 1959 nikiwa nyuma ya miti, na sasa hapakuwa na hema wala lori. Nilikuwa na tope mpaka magotini na nililia machozi ya fahari.

Lukasi akarusha jiwe vibaya. Lilimponyoka, likaenda juu na upande, mbali na kila mtu. Lingeanguka kwenye tope, lisimdhuru hata chura. Anaeli alikuwa ameshaligeuzia mgongo, akisema neno na mjenzi. Na mimi, ambaye tangu niolewe sikuwahi kumwita kwa jina lake mbele za watu, kwa sababu kwetu mke hafanyi hivyo, nilipaza sauti.

"Anaeli, daka!"

Nilitaka waone. Sina maelezo mengine.

Akageuka, akaruka, akaunyoosha mkono wa kulia, maana jiwe lilikuwa upande huo, akalipata hewani. Watu walishangilia kabla hajashuka. Akashukia pembeni mwa ukuta, mguu ukateleza, akaanguka huku mkono ukiwa umelishika jiwe lile chini yake, juu ya mawe ya ukuta. Hakulia. Alikaa akautazama mkono kwa muda mrefu. Cha shahada kilikuwa kimevunjika mahali pawili, na cha kati kilikuwa kimepondeka ncha.

Mzee Tumainieli aliiandika barua siku ile ile, kwa mwandiko mzuri, akaigonga muhuri. Aliandika kwamba Ndugu Anaeli Mgonja ni mwanakijiji mwema na mchapakazi. Aliileta nyumbani kwa mikono yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Anaeli akaipokea kwa kushoto, akamshukuru.

Alikwenda Dar es Salaam hata hivyo, mkono ukiwa umefungwa vijiti. Alirudi baada ya siku nne. Walimpa pole, alisema, wakamwambia apone kwanza, mwakani watamwita tena. Timu ikaenda Kampala bila yeye. Mwakani hawakuita. Vidole vilipona vikiwa vimepinda, na mpira alioujaribu mbele ya duka la Bwana Jivani ulikwenda moja kwa moja tu. Mwaka uliofuata kiwanja kule chini kikalimwa mahindi, naye Anaeli akaacha mizani, akarudi kuishi mlimani. Suruali zile nyeupe nilizikata nikamshonea Esta gauni la kipaimara.

Sasa anashika jembe. Pembe ikilia huwa wa kwanza kufika. Zamu yetu ya maji haijatupita hata mara moja, migomba inazaa, na watu humwita ndugu kwa moyo mweupe. Mzee Tumainieli aliniambia siku moja, akidhani ananifurahisha, "Mumeo amekuwa mtu, Eliakunda." Nilitamani kumtemea mate. Nilimwambia ahsante, mzee.

Anaeli hakunilaumu. Hakuuliza nani aliita. Miaka sita tulikula chakula cha chungu kimoja na neno lile likiwa katikati yetu, na nikajidanganya kwamba katika kelele zile za watu hakuitambua sauti. Nilijiambia hivyo kila nilipomwona akipambana na kifungo cha shati.

Mwezi uliopita tulikuwa tukienda msaragambo, yeye mbele, mimi nyuma, njia nyembamba, umande bado kwenye majani. Sijui kilichonipata. Labda nilichoka tu.

"Baba Esta," nikasema kwa mgongo wake. "Siku ile. Ni mimi niliyekuita."

Hakusimama wala hakugeuka. Alihamisha jembe kutoka bega moja kwenda jingine.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana niligeuka."