Mshika Pembe

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu utapata furushi. Nilisimamia chumba cha dobi cha nyumba ya wageni miaka kumi na tisa, diploma yangu ya usimamizi wa malazi ikining'inia juu ya mashine, ikipigwa na mvuke mpaka muhuri ukapauka, na hilo ndilo nililomfundisha kwanza kila aliyeajiriwa.

Binti yangu naye nilimfundisha hilo. Alikuwa na miaka sita. Akitoka shule anakuja moja kwa moja chumba cha dobi, anavua viatu, anapanda juu ya kreti, anashika pembe mbili. "Vuta. Kung'uta. Njoo." Anaruka chini, anakuja mbio na pembe zake, ananikabidhi, anainama kuokota mkunjo wa chini. Chumba kizima kinanukia sabuni na pasi ya moto. Hata leo nikipita penye harufu ile, miguu inataka kuingia.

Siku moja alisimama mbele ya ratiba ya zamu ukutani, akanuna.

"Mama, mbona mimi simo?"

"Wewe si mfanyakazi."

"Basi yakunje peke yako."

Wanawake wa pasi walicheka mpaka wakakaa chini. Nikachukua kalamu, nikaandika mstari wa mwisho: *Mshika Pembe, saa tisa.* Jina likamganda. Hakuchelewa hata siku moja.

Sasa ana miaka ishirini na saba, amerudi kwangu, na dirisha la chumba chake halifunguliwi. Daktari alisema ana mawili kwa pamoja, wasiwasi na sonona. Nikamuuliza tuanze na lipi. Akasema hayapangi foleni. Binti yangu alinieleza vizuri zaidi.

"Ni kama wake wenza, mama. Mmoja halali, anahesabu mabaya yote yatakayokuja. Mwingine haamki, anasema hata yakija, potelea mbali. Na wote wanataka chumba hikihiki."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye kitanda."

Alipewa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Ya kwanza hakwenda. Ya pili alivaa viatu, akafika mlangoni, akarudi kulala. Ya tatu ilikuwa Alhamisi, na vidonge vilibaki vya siku sita. Daktari alikuwa ameonya visikatishwe ghafla.

Nikafanya ninachokijua. Nikatafuta karatasi ngumu na rula, nikaandika ratiba. Saa kumi na mbili na nusu, kuamka. Saa moja, kuoga. Mistari tisa, na wa Alhamisi, kliniki saa tatu, nikaupigia mstari mara mbili. Nikaibandika mlangoni mwake. Nilijiona mjanja. Mtoto aliyelilia ratiba, mpe ratiba.

Jumapili aliamka, akaoga. Jumatatu nilimkuta saa kumi na mbili na nusu amekaa kitandani amevaa kila kitu, macho mekundu.

"Umelala kweli?"

"Niliogopa kupitiliza."

Jumanne hakuamka kabisa. Dada yangu, msusi, alipita siku hiyo, akaisoma ile karatasi kuanzia juu mpaka chini.

"Umemwekea mgonjwa kengele ya jela."

"Nimemwekea utaratibu."

"Haya, bosi. Mfukuze kazi basi."

Alipoondoka nikaisogelea karatasi. Penye kuoga palikuwa na alama ya vema kwa penseli, imefutwa, imewekwa tena, imefutwa mpaka karatasi ikatoboka. Ile ratiba ya zamani ilikuwa na mstari mmoja tu wa kwake, na upande wa pili wa shuka nilikuwepo mimi. Hii ilikuwa na mistari tisa, na mimi nimekaa jikoni nasikilizia kama bomba la bafuni limefunguliwa.

Nikaibandua. Ikatoka na rangi ya mlango.

Jumatano alasiri wingu lilikuja, nikakimbilia kamba. Sikufanya hila yoyote, mashuka yalikuwa yamekauka na pa kukunjia ni ukumbini, mbele ya mlango wake. Ulikuwa wazi kidogo. Nikahangaika peke yangu.

"Mama, hilo linaburuta sakafuni."

"Naliona."

"Utalifua tena."

"Kidole kimoja hakivunji chawa."

Kisha kitanda kikalia. Akatoka, nywele zimelala upande mmoja, akashika pembe mbili. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mtetemeko ukasafiri kwenye shuka mpaka kwangu. Sikusema neno. Kwangu mimi, hiyo ni kazi nzito kuliko kufua mablanketi.

"Vuta," nikasema hatimaye. Akavuta. "Kung'uta." Akakung'uta. "Njoo."

Akaja, taratibu. Alipofika hakuziachia pembe.

"Kesho tutakwenda," akasema. "Ila nikiishia mlangoni tena?"

"Tutarudi ndani wote wawili, tukae, tujaribu tena."

"Na tukichelewa?"

"Watatusema. Mimi nimesema watu miaka kumi na tisa, hakuna aliyekufa."

Kitu kama kicheko kikampita puani.

"Usiandike popote, mama."

"Sina hata kalamu."

"Iko kwenye nywele zako."

Akanikabidhi pembe zake, akainama kuokota mkunjo wa chini.