Masharubu ya Gavana

Muuza sarafu za kale alipachika lenzi jichoni, akaruka. "Bibi, umeiharibu! Sarafu ya ukumbusho wa siku tuliyokabidhiwa nchi haisuguliwi. Bendera yetu upande huu ni kama mpya, lakini gavana wa wakoloni huku hata hatambuliki. Hainunuliki tena!"

Bibi fundi cherehani alimwacha atoe povu lake. Kila siku ya uhuru alikaa kizingitini na mchanga na kitambaa, akiusugua upande mmoja tu wa sarafu hiyo.

"Nani kakwambia nauza, mjukuu wangu? Macho yangu yamechoka, nimekuja uniangalizie. Pua bado ipo?"

"Haipo."

"Masharubu je?"

"Yapo kidogo."

Bibi akanyoosha mkono. "Nirudishie. Mwakani nayanyoa."