Mpishi wa Meli ya Maonyesho

Tangu mkewe afariki, mpishi mstaafu hakuwa na wa kupiga naye soga. Siku hiyo alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kutokea, akaenda kuitazama meli aliyoipikia ujana wake wote. Siku hizi ni meli ya maonyesho. Imefungwa gatini, karibu na sanamu ya samaki wa chuma, na watu huingia kwa tiketi.

Akashuka moja kwa moja jikoni. Lo! Mbele ya jiko lake limesimama sanamu la mtu, la plastiki, kofia nyeupe pe, limeshika mwiko kama kalamu. Kifuani lina kibao: MPISHI.

"Mpishi gani huyu?" mzee akafoka. "Hana hata kovu moja la mafuta!"

Akakunja mikono ya shati, makovu yake yakaonekana mpaka kwenye viwiko. Jikoni palijaa watu, lakini hakuna aliyegeuka. Basi akaanza kuliweka sawa lile sanamu, lishike mwiko unavyoshikwa.

"Babu, samahani," akasema dada mmoja aliyeinua simu apige picha. "Sogea kidogo. Unamziba mpishi."

Mzee akashusha mikono ya shati, akasogea.