Wafu Huitwa na Nyumba Yao

Kwetu Karuba, kabla mbuzi wa mahari hawajafunguliwa kamba, kila upande huwaita wafu wake. Mzee humimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, chini kidogo kidogo, jina kwa jina, ili watu wasikie kama damu ya huku na ya kule zimewahi kukutana. Unataja jina na mzazi wake, basi. Namna mtu alivyokufa, hiyo ni mali ya waliomzika. Na wafu wa nyumba nyingine huwaiti wewe, hata kama unawajua wote.

Mwanangu Honoré, mwalimu wa shule, aliyajua hayo. Lakini mama yangu mimi alizaliwa Walikale, na Honoré aliogopa binti yake Anastasie asije akaolewa na ndugu yake. Mwaka huo wa 1958 alikwenda kwa miguu hadi Pinga, huko huko Walikale, kuuliza ukoo wa Raphaël, kijana aliyetaka kumwoa. Huko bibi mmoja aitwaye Euphrasie alimchomea ndizi, akampa kitanda chake, yeye mwenyewe akalala chini. Alimweleza ukoo wote. Mwisho akamnong'oneza jambo moja zaidi na kumwomba alimeze pamoja na chakula.

Damu haikuwa imekutana. Kama Honoré angerudi na habari hiyo tu, tungecheza ngoma.

Wageni walipofika siku ya mahari, nilikuwa natoka kisimani. Barthélemy, baba yake Raphaël, alikuja mbio kunitua mtungi, mtu mzima na suti yake. Nyuma yake alikuja Hubert, mtoto wa marehemu Gustave, aliyekuwa mdogo wake Barthélemy. Barthélemy ndiye aliyemlea. Tulipokula, nilimwona akimchagulia Hubert nyama laini kabla hajajipakulia mwenyewe.

"Mutazame Raphaël," Hubert alisema, akimcheka binamu yake. "Ameazima viatu. Vinamuuma kuliko mapenzi."

"Nyamaza, weye," Raphaël akajibu. "Siku yako utakuja miguu wazi, na bibi harusi atakimbia."

Tulicheka. Kisha Barthélemy akasimama na kibuyu na kuanza kuwaita wafu wake. Alipofika kwa mdogo wake alimimina, akasema, "Gustave, mwana wa Léopold," akataka kuendelea.

Honoré alikuwa amekwisha kunywa. "Papa, unakwenda mbio sana. Miye nilifika Pinga."

"Honoré, ikala," nikamwambia, nikimvuta shati akae.

"Acha, Mama. Wanasema walimu hatujue mambo ya wazee. Gustave hakukufa na homa, vile munasemaka. Alikatwa na panga, mu ile vita ya 1944. Na mukono yenye ilishika panga iko hapa, imeshika kibuyu. Ninasema hivi juu bantu wajue: ninajua yote, na mutoto wangu ninamutoa tu. Nimesamehe."

Alidhani anaonyesha moyo mkubwa. Alisamehe kitu ambacho hakikuwa chake.

Hubert aliinuka polepole. "Papa, iko uongo?"

Barthélemy aliweka kibuyu chini. "Hapana, mwana wangu. Hajasema uongo."

Panga tuliyochinjia mbuzi wa chakula ilikuwa bado juu ya majani ya mgomba. Hubert aliikamata. Barthélemy hakujikinga. Alinyoosha mkono mbele, kama mtu anayempa mtoto kitu, na panga ikaingia chini ya kiwiko hadi kwenye mfupa. Pigo la pili lilimpasua bega. Damu ilirukia kibuyu, ikarukia gauni la Anastasie, naye akapiga kelele, "Koko! Koko!" akinikimbilia mimi bibi yake.

Raphaël alishika mchi wa kutwangia, akampiga Hubert mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Hubert akaanguka, na wanaume wetu wa Karuba, watu ninaowajua tangu wakinyonya, wakamrukia. Walimkanyaga kichwa, mbavu, vidole. "Ua! Ua!" Mmoja alimpiga na jiwe la jikoni. Raphaël aliinua mchi juu ya kichwa chake kummaliza.

Barthélemy alijitupa juu ya Hubert. Mchi ukamshukia yeye mgongoni.

"Musimuguse!" alilia. "Gustave alikufa juu ya huyu mutoto, ili yeye apone!"

Kila mtu akaacha. Chini yake, katika damu, Hubert aliuliza, "Juu yangu? Namna gani?"

Tuliwaburuta wote wawili ndani, Raphaël akasaidia huku analia. Nikamwambia Honoré, "Toka."

"Mama, ni nyumba yangu."

"Leo ni yao. Toka, na ufunge mulango."

Mimi pia nilitaka kutoka. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimebana mshipa wa Barthélemy juu ya kiwiko, na kila nilipolegeza, damu ilifoka. Basi nilibaki, nikageuza uso ukutani. Ndivyo nilivyosikia yasiyonihusu.

Mwaka ule wa 1944 askari wa serikali walikuwa wakiwasaka waasi msituni. Walimkuta Gustave na mkuki, wakasema yeye ni mmoja wao. Walimpiga viboko hadi ngozi ya mgongo ikatoka, wakamfunga kwenye nguzo mbele ya nyumba yake. Mke wake alikuwa amekwisha kufa. Ndani alikuwamo Hubert, mtoto ambaye hajaanza kung'oa meno, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Mkubwa wao alishika kijinga cha moto karibu na majani ya paa, akampa Barthélemy panga. Akate, ama mtoto aungue.

Gustave alimwambia kaka yake maneno machache. Hayo siyaandiki. Barthélemy amekwisha kufa, na karatasi hizi nimemsomea Hubert kabla ya kumpa mtu mwingine. Mengine ameniruhusu, kwa ajili ya watoto atakaozaa. Maneno hayo aliomba yabaki ya nyumba yake.

Barthélemy alikata. Pigo la kwanza halikuua. Ilibidi akate tena shingoni, na tena. Askari walicheka, kisha wakachoma nyumba vilevile. Barthélemy aliingia motoni, akamtoa mtoto.

Hubert alitambaa kwa magoti, mdomo umefura. Aliinua shati la baba yake mlezi. Mgongo ule wote ni kovu, kama gome la mti.

"Uliniambia mafuta ya moto ilikumwangikia," alisema. "Miaka yote ninakupaka dawa hapa. Juu ya nini haukuniambia?"

"Mutoto asiishi akisema, ni miye niliua baba yangu."

Hubert alivua shati lake, akalipasua vipande, akanipa kimoja kimoja nikafunga jeraha. Raphaël alimshikia kikombe cha maji, akimwinua kichwa. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno.

Barthélemy hakuusogeza tena mkono ule hadi kifo chake. Lakini jioni ile alikataa mbuzi warudishwe Pinga. "Wafu hawajamaliza kuitwa," alisema.

Tulitoka. Hubert ndiye aliyechukua kibuyu, maana baba yake hakuweza. Kilikuwa bado na damu, akakifuta kwa kiganja. Watu walivuta shingo. Alimimina.

"Gustave, mwana wa Léopold. Baba yangu."

Walingoja aseme alivyokufa. Alimpita, akaita jina lililofuata, mpaka mwisho. Anastasie, na gauni lake lile lenye damu, alikwenda kumpa mkono Raphaël.

Honoré alinifuata nyuma ya nyumba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, alisema nini mule ndani?"

"Alisema iko na kiu," nikamjibu. "Chukua mtungi, uwachotee wageni maji."

Alikwenda. Alipofika mbele ya Barthélemy alipiga magoti, akashikilia kikombe mpaka mzee alipomaliza kunywa, wala hakuuliza kitu.