Spea za Marehemu Bayumi

Haji Bayumi alipofariki, mafundi wa giaboksi wa Kairo walimlia kama mayatima. Mzee yule ukimwomba sahani za klachi alikutilia mkononi, nawe humuulizi zimetoka wapi. Zikiwa feki, alikwambia ni feki na akakukataza kuzinunua. Mola amrehemu.

Fundi Wagdi alifika dukani kwa marehemu arobaini haijasomwa. Redio ilikuwa ikisoma Kurani na kahawa ya msiba, isiyo na sukari, ilikuwa ikipitishwa. Tamir, mwana wa marehemu, alimletea boksi la sahani kwa ajili ya teksi ya Safwat. Siku zote Wagdi hufungua papo hapo, akaipinda sahani, akaikwaruza kwa ukucha. Siku ile aliona haya. Utalichunguzaje boksi mbele ya mwana aliyefiwa, kama kwamba unamshuku babake ndani ya kaburi? Akalitia kwapani, akamwombea maiti, akaenda zake.

Mwezi haujaandama, Safwat akavutwa kwa kamba kutoka barabara ya Suweisi.

"Wagdi, umenitengenezea giaboksi au umenikaangia bajia za taamiya? Mbona inanuka kuungua?"

"Niachie, ndugu yangu. Naifungua upya. Kazi na spea juu yangu."

"Spea za nani?"

Wagdi akafungua boneti. Hilo lilikuwa gari la pili kumrudia likiungua, na mtaani mwao fundi wa namna hiyo huitwa mchinjaji. Likirudi tena, nani atamletea jingine?

Akarudi kwa Tamir. Safari hii alifungua. Ngozi ya sahani ilibanduka kwa ukucha kama ganda la kidonda.

"Ami Wagdi, naapa kwa kaburi la baba, sikujua," Tamir alisema. "Yule aliyekuwa akimletea baba mzigo ameacha biashara. Nanunua wanakonunua wote."

Wagdi alimtazama, akaona kijana hasemi uongo. Heri angekuwa mwongo. Mwongo unamkimbia ukaenda kwa mwingine.

Duka la pili mwenyewe alikuwa na alama ya sijda kwenye paji la uso. Wagdi hata hajauliza, kiapo kimeshatoka: "Mke wangu talaka tatu kama hii si orijino!"

"Na mkeo anajua ameachwa mara ngapi tangu asubuhi?" Wagdi alimuuliza.

Wateja wakacheka, na muuzaji naye akacheka. Sahani ilipindika mkononi kama mkate wa moto.

Duka la tatu walimfukuza kwa kutaka kufungua. La nne, mzee mmoja alimwinamia sikioni: "Kwa heshima yako, fundi, usihangaike. Mzigo ni mmoja. Sisi tunabadilisha maboksi."

Akabakiwa na mitumba. Kwenye makaburi ya magari alipata giaboksi iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Muuzaji akaipaka doa la rangi nyekundu: ikikushinda irudishe, doa likiwepo. Wagdi aliifungua gerejini kwake. Mafuta yalikuwa meusi, sahani zimelika nusu, lakini nusu iliyobaki ilikuwa ya kweli. Mji mzima hakuona bora kuliko hiyo. Huenda ikaenda mwaka, huenda isifike Ijumaa. Akazifunga kwenye gari la Safwat, akimtaja Mungu kwa kila skrubu.

Safwat alipokuja hakuugusa ufunguo.

"Apa kwanza."

"Nikuapie nini?"

"Kwamba haitaungua. Sema Wallahi moja tu, moyo wangu utulie. Nina watoto."

Wagdi alifungua kinywa. Neno lenyewe ni jepesi, mji mzima wanalitema kama maganda ya mbegu. Halikutoka.

"Nitakwambia nilichokiona. Nimeona sahani zina nusu ya uhai."

"Nusu! Na watoto wangu nao wale nusu?" Safwat alimtazama kama anayeona uso mgeni. "Marehemu Bayumi angekusikia!"

Akaitoa kamba kwenye buti. Upande wa pili wa njia, Fundi Azab alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Lete hapa, bwana! Wallahi utakufa wewe, giaboksi ibaki!"

Safwat akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya Suweisi.

Safwat alivuta kwa kamba, lakini gari likawa linakwenda upande, linataka kugonga ukuta. Wagdi akatoka, akaliwekea bega, akalisukuma hadi ndani kwa Azab. Yeye na Azab walipokuwa wameinama pamoja nyuma ya gari, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umepata wapi sahani?"

Azab hakuinua kichwa.

"Kwani kuna kwingine, ndugu yangu?"